Shina la Bi Buku

"Wajukuu, macho?"
"Yamelala, bibi."
"Masikio?"
"Yako macho."

Basi palikuwa na bonde kando ya mto, asubuhi ukungu, jioni ukungu. Bonde hilo mali ya Kiboko. Halimi. Kazi yake kulala majini, bwaa, bwaa, anapumua. Wenziwe huwakodishia.

Kanga alikodi mpaka mvua zikatike. Zikakatika, mtama ndio kwanza unachanua. Kiboko akatoka mtoni, chubwi. "Muda umekwisha. Ardhi yangu, na kilicho juu yake changu." Akala mtama wote, na Kanga akaondoka na wanawe, matumbo matupu.

Ndipo akaja Bi Buku, yule panya mkubwa wa porini, na watoto wake nyuma.

"Hodi, mzee wa bonde."
"Sema, masharubu."
"Nikodishie kipande. Wanangu hawana pa kula."
"Mpaka lini?"
"Nitapanda mara moja tu. Kila nikivuna, fungu lako lipo. Siku utakayokuta shina limekauka na hakuna lingine, natoka, sidai hata jani."

Kiboko akaufikiria mtama, unavyokauka upesi. Akacheka ndani ya maji, mapovu, bubububu. "Mara moja tu?"
"Mara moja tu. Korongo shahidi."

Korongo, kasimama kwa mguu mmoja, akaitikia kwa kichwa.

Bi Buku akapanda mgomba. Mmoja. Majani yake sha, sha, sha, ukungu unapita katikati. Ukazaa mkungu, mkungu ukakatwa, shina likakauka. Kiboko akatoka, chubwi.

"Limekauka. Toka."
"Limekauka, mzee. Tazama ubavuni."

Chipukizi.

"Hili umepanda lini?"
"Sikupanda. Limezaliwa hapo na mama yake."
"Korongo, unasikia uongo huu?"
"Kapanda mara moja," akasema Korongo. "Nilikuwepo."

Kiboko akala fungu lake, akarudi majini. Chipukizi likawa mgomba, likazaa, likakauka. Chubwi. "Toka." "Tazama ubavuni." Chubwi. "Toka." "Tazama ubavuni." Watoto wa Bi Buku wakapata watoto, nao wakalala kwenye kivuli kile kile, sha, sha, sha.

Siku moja Kiboko, sasa mzee kweli, akauliza polepole, "Bi Buku, lakini ardhi bado yangu?"
"Yako, mzee. Nani kakataa? Mimi mpangaji tu, napita."

Kiboko akatabasamu, akazama, akaota anamiliki bonde.

Basi wajukuu, shikeni hili, kama Kiboko alivyoliota: mwenye ardhi ndiye mwenye kushiba, mpangaji hana chake. Sasa masikio nayo yalale. Na wewe, nipitishie ndizi moja kabla hujasinzia.