Vilivyopigiliwa Misumari

Mwasiti wa Pongwe alipangishwa nyumba tupu, kuta nne na mabati juu. Rafu za jikoni alizipigilia mwenyewe, na mlango wa choo, na nyavu za mbu madirishani. Siku ya kuhama, mwenye nyumba, Mzee Shekigenda, akaja akasimama mlangoni.

"Kilichopigiliwa msumari ni cha nyumba. Hung'oi kitu."

Mwasiti akaweka nyundo chini. "Na kisichopigiliwa, baba?"

"Hicho chako. Beba, sitaki hata kukiona."

"Basi naomba useme mbele ya mjumbe, majirani wasije wakaniita mwizi."

Mjumbe akaitwa, mzee akarudia maneno yake kwa sauti. Mwasiti akashukuru, akaenda kwa jirani, akarudi na ngazi, akaiegemeza ukutani.

"Ngazi ya nini?"

"Ya mabati, baba. Hukuyapigilia; ulibania misumari, ukayakandamiza kwa mawe."

Mzee akatazama juu. Mawe yalikuwa palepale alipoyapanga. Akamtazama mjumbe, na mjumbe akatazama chini.

"Chukua rafu zako," mzee akasema.

"Na mlango?"

"Na mlango."

"Na nyavu?"

"Chukua vyote."

"Ahsante, baba. Basi nishikie ngazi, nyavu ziko juu."