Chafya ya Muhanga na Maboga ya Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, nchi ilipokuwa ya wanyama watupu, alikuwepo Mama Muhanga, mwenye pua ndefu, mla mchwa. Akichimbua kichuguu, vumbi linamwingia puani. Chyaaa! Chafya hiyo, bonde zima linatikisika.

Jirani yake Ngiri alipanda maboga. Yakachipua, yakanyauka. Akapanda tena, yakanyauka tena. Akakimbilia kwa Mfalme Nyati.

"Chafya za Muhanga zinaua maboga yangu! Ahame!"

"Ahame!" wakaitikia wanyama.

Muhanga akawaza. Ahamie wapi, na wanawe wangali wachanga shimoni?

"Mfalme wangu," akasema, "msinifukuze kwa kudhani. Tujaribu kwanza. Tulime matuta mawili. Udongo ule ule, mbegu zile zile, maji sawasawa. Moja nilipigie chafya, jingine nisilipigie."

Wakalima. Basi siku hiyo chafya ikagoma! Ngiri akamrushia pilipili puani. Chyaaa! Pilipili ikamwagika tutani.

"Simameni!" akalia Muhanga. "Tuta hili likinyauka, tutajuaje kama ni chafya au pilipili? Na lile litiwe pilipili!"

Likatiwa. Mbegu zikachipua. Kila kukicha Muhanga chyaaa! kwenye tuta moja, kwenye jingine anapita amebana pua, machozi yanamtoka.

Mara miche ikanyauka. Matuta yote mawili.

"Umeona?" akasema Ngiri.

"Nimeona. Hata lisilopigwa chafya limekufa. Basi chafya siyo."

"Ni pilipili," akasema Nyati.

"Maboga ya mwanzo hayakuonja pilipili, Mfalme. Jirani, wewe unaifanyia nini miche yako?"

"Mimi? Naitunza tu, hata hii ya matuta haya! Kila asubuhi naing'oa, mmoja mmoja, nitazame kama mizizi imekua. Kisha naichomeka tena."

Nyati aliacha kutafuna.

Wakalima matuta mengine mawili. Moja Ngiri alitunze, jingine asiliguse. Muhanga akayapigia chafya yote mawili. La Ngiri likafa. Lile jingine likazaa maboga makubwa kama vichwa vya viboko.

"Muhanga abaki!" akaamua Nyati.

"Nisamehe, jirani," akasema Ngiri.

"Nimekusamehe."

"Ahsante. Lakini ule mche wa pembeni... niung'oe kidogo tu, niuangalie?"

Wanangu, na nyie wazazi wao: ukitaka kujua kinacholeta jambo, badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo. Na usimhukumu mtu kabla hujajaribu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia.