Walinzi wa Viazi vya Mwalimu Kiboko

"Hadithi hiyo!"

"Ije mbio!"

"Ije na nini?"

"Na uongo mtamu, ukweli ubaki nyumbani!"

Haya, sogeeni. Palikuwa na shule ya wanyama huko bondeni, na mwalimu mkuu wake alikuwa Kiboko. Tumbo lake lilitangulia kuingia ofisini, mwenyewe akafuata. Kila alfajiri wanafunzi walikimbia mchakamchaka kuzunguka uwanja, puta-puta-puta, ndipo waingie darasani. Siku moja Kiboko akautazama uwanja ule, mate yakamtoka.

"Kuanzia leo ni marufuku kukimbia!" akanguruma. "Akili iko kichwani. Ukikimbia inatikisika, inamwagika. Kaeni! Uwanjani nitapanda viazi. Na atakayefeli mtihani wa darasa la saba atabaki hapa anilimie."

Jamani! Nguchiro, binti mdogo wa darasa la saba aliyetamani kuwa daktari, alilikumbatia daftari lake.

Viazi vikapandwa, wanafunzi wakakaa. Asubuhi wamekaa, mchana wamekaa, jioni wamekaa. Mwalimu Korongo anafundisha, darasa linakoroma: khoo-fyuu, khoo-fyuu! Ukaja mtihani wa majaribio. Lahaula! Swala, aliyekuwa wa kwanza siku zote, alishindwa hata kujumlisha. Nguchiro naye alipata sifuri. Akaikodolea macho karatasi ile kama si yake, akalia. Alishajiona na jembe begani maisha yake yote.

Alipomaliza kulia akaenda ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unataka nini?" Kiboko aliuliza huku anatafuna.

"Mwalimu, wezi wanavinyemelea viazi vyako."

Kiboko nusura aanguke na kiti. "Wezi? Viazi vyangu mimi?"

"Turuhusu tuvilinde. Tutalizunguka shamba mbio kila alfajiri, tukiimba, wezi waogope."

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Lindeni!"

Wakalinda. Puta-puta-puta! "Mchakamchaka!" "Chinja!" Damu ikachemka, usingizi ukakimbia. Mwalimu Korongo akiuliza swali, mikono juu darasa zima.

Nguchiro akarudi ofisini. "Mwalimu, njia ni nyembamba, mwizi ametuponyoka."

"Panueni!"

Wakapanua. Puta-puta-puta! Akarudi tena. "Mwalimu, njia bado ni nyembamba, mwizi ametuponyoka."

"Panueni, panueni!" Kiboko alijibu bila kuinuka, maana kutembea hadi shambani kulimchosha.

Mtihani ukafika, wakaufanya. Matokeo yakatoka. Wamefaulu wote! Nguchiro akasoma jina lake, akalisoma tena, haamini. Akapiga kelele za furaha hadi sauti ikamkauka.

Kiboko alishtuka. Sasa nani atamlimia? Basi akajikokota na gunia kwenda kuvuna mwenyewe. Kufika tu, gunia likamdondoka. Hakuna tuta. Hakuna jani. Ni uwanja mtupu, mgumu, umejaa nyayo.

"Viazi vyangu viko wapi?"

"Tumevilinda, Mwalimu," akasema Nguchiro kwa adabu. "Hakuna mwizi aliyegusa hata kimoja."

Kiboko akaachama mdomo kwa mshangao, na mpaka leo ukimkuta mtoni bado ameachama.

Hapo hadithi yangu imeketi, ninyi inukeni. Na fundisho lake ni hili: ukiwa na shamba la viazi, liwekee walinzi wengi, tena wenye mbio.