Kura Chini ya Mlingoti

Wapendwa, juzi baada ya mazoezi ya kwaya mama mmoja wa sauti ya pili alinisimamisha mlangoni. Alikuwa amesikia redioni kwamba huko Marekani watu wanabishania bendera ya majimbo ya kusini, yale yaliyopigana vita ili watu weusi waendelee kuwa watumwa. Wako wanaotaka ipepee mbele ya majengo ya serikali, wako wasiotaka hata kuiona. Akaniuliza, "Mchungaji, vita vyenyewe vilikwisha zamani. Si kitambaa tu hicho?" Nikamwomba anipe muda. Swali hilo nimelala nalo siku tatu, na leo nimekuja na mfano.

Kulikuwa na kijiji kimoja kilichozaliwa ndani ya shamba la mkonge. Mwenye shamba alikwisha kurudi kwao Ulaya, mitambo ikaota kutu, na ofisi yake ikawa ofisi ya kijiji. Lakini mbele ya ofisi ulibaki mlingoti, na juu yake bendera ya shamba, ya kijani yenye mstari mweupe. Kila ilipochakaa walishona nyingine.

Mwenyekiti wa kijiji aliipenda bendera ile kupita kiasi. Babu yake alikuwa nyapara, msimamizi wa vibarua, na ndiye aliyekuwa akiipandisha. "Huu ni urithi wetu," alisema. Na kulikuwa na jambo moja lililomfurahisha sana. Watu wa kitongoji cha bondeni, wajukuu wa wakata mkonge, wakija ofisini hawakupita karibu na mlingoti. Walizunguka kwenye ua wa michongoma, wakaingia kwa mlango wa nyuma, miiba ikiwachana nguo. Mwenyekiti akiwaona huwaambia wageni, "Mnaona? Watu wetu wana heshima. Bendera hawaipiti ovyo."

Je, aliwahi kuwauliza kwa nini wanazunguka? Wewe ungewauliza?

Ikafika siku watu wa bondeni wakaleta barua, wametia saini watu mia mbili. Waliomba bendera ishushwe, na anayetaka kuitunza aitunze kabatini. Kijiji kikapasuka. Watu wakanuniana hata msibani. Mwenyekiti akasema, basi, tupige kura, na tupige kwa kupanga mstari kama tulivyozoea, kila mtu aonekane. Anayetaka bendera ibaki asimame barazani, hapa ofisini. Anayetaka ishushwe asimame chini ya mlingoti.

Baraza likajaa pomoni. Chini ya mlingoti hakwenda mtu, hata mmoja. Wale mia mbili walibaki kule kwenye michongoma, wakitazama miguu yao. Mwenyekiti akaita mara ya pili, akaita mara ya tatu, kisha akacheka, akamgeukia mtendaji wa kijiji aliyeshika daftari. "Barua mmeandika, kura hamna! Mtendaji, andika: wanaopinga, hakuna."

Lakini kicheko hakikumkaa vizuri. Watu wazima wote hawa, wameogopa nini? Safari hii akataka kujua kweli. Akashuka barazani, akawafuata mpaka kwenye michongoma, akamkuta bibi mmoja mbele ya wenzake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona hamji? Ni hatua thelathini tu."

"Tunaziona."

"Mnaniogopa mimi?"

"Wewe tukuogopee nini, tumekubeba mgongoni." Bibi akauonyesha mlingoti kwa kidevu. "Hivi, babu yako alikuwa akipandisha bendera wakati gani?"

"Asubuhi, watu waende kazini."

"Kazini tuliitwa kwa kengele. Bendera ilipanda siku mtu akichapwa viboko, ili walioko mbali shambani nao waone. Alifungwa pale pale, kwenye mlingoti. Baba yangu alifungwa pale, nami nikasimamishwa nitazame. Leo umetuambia anayekataa aende akasimame hapo hapo."

Ndugu zangu, mwenyekiti hakurudi barazani. Aligeuka, akazihesabu zile hatua thelathini peke yake, akasimama chini ya mlingoti, ameelekea baraza lililojaa ndugu zake. "Mtendaji," akasema, "futa hiyo. Andika mmoja."

Najua mnataka kuniuliza kama bendera ilishuka. Mimi kinachonisumbua ni ile miaka yote kabla ya kura. Aliwaona watu wakichanwa na miiba, akaiita heshima! Angeuliza siku moja tu.

Na sisi je? Ukumbini kwetu imetundikwa picha ya bwana mwenye shamba wa hapa kwetu, aliyetoa kiwanja cha kanisa hili. Kila sikukuu tunaifuta vumbi na kuisifu. Na wako akina mama watatu, wanne, siwataji, ambao kila tunapokula pamoja hubeba sahani zao wakaenda kula nje, kwenye ngazi. Nina miaka sita hapa. Wageni nimekuwa nikiwaambia, wale mama zetu ni wanyenyekevu, hawapendi makuu. Sijawahi kuwauliza. Naona aibu kulisema hili mbele yenu, lakini ndiyo kweli.

Sisemi picha ishuke, wala sisemi ibaki. Sijui, na sijui kwa sababu sikuuliza. Tukitoka hapa kuna chai ukumbini, karibuni wote. Mimi yangu nitainywea kwenye ngazi.