Neno la Shemdoe

Tegeni masikio, nyie mliotundika vyeti ukutani! Fumbo hili limewashinda madaktari wa fizikia, sembuse nyie.

Chini ya mlima palikuwa na mashine ya kugonganisha chembe, vitu vidogo hata vumbi kwao ni jabali. Watu watatu walisoma mabaki ya migongano hiyo. Mwantumu alijaliwa macho: mwonyeshe michirizi tu, atakwambia nani kapita, kama mwindaji na nyayo. Tumsifu alijaliwa chujio: programu yake ilitupa migongano milioni, ikabakiza mmoja wenye maana. Shemdoe alijaliwa shaka: alijua kila pembe ambako mashine hudanganya, akairekebisha.

Mwiko wao ulikuwa mmoja. Jibu hufunikwa ndani ya kompyuta, mtu asije akaona anachokitamani. Halifunuliwi mpaka wote watatu waseme, "Fungua."

Mwantumu akasema. Tumsifu akasema. Shemdoe akatikisa kichwa. "Bado, dada. Pembe moja inanidanganya."

Mwantumu akamfyonya. "Woga wako utatuzika, kaka!"

Wiki ile ile wakamzika Shemdoe mwenyewe.

Lakini programu aliyoiacha ikipima ile pembe haikufa. Kila saa kumi jioni iliandika kwenye kioo cha kompyuta: *Bado.* Mwantumu akawa anakunywa chai akikipa kioo mgongo.

"Unaogopa marehemu atakudai kikombe chake?" Tumsifu akamtania.

"Basi izime wewe, mwanamume!"

Hakuizima.

Siku ya arobaini, wakitoka kwenye hitima, walikuta neno jipya: *Fungueni.* Wakafungua. Chembe ngeni hiyo, haijawahi kuonwa na mtu! Bila pembe ile kunyooshwa, wasingeiona kamwe.

Sasa ipewe jina litakaloishi vitabuni, na jina ni moja tu.

"Bila chujio langu, ungetafuta mpaka uote mvi," Tumsifu akasema.

"Bila macho yangu, ungebaki na rundo la mikwaruzo."

"Na marehemu?"

Mwantumu akasema, "Marehemu hahitaji jina. Andika langu." Tumsifu akaizima ile programu ya Shemdoe, safari hii bila kuogopa, akachomoa na waya.

Kesho yake, saa kumi jioni, kioo kikawaka: *Bado.*

Haya, mabingwa! Jina ni la macho, la chujio, au la shaka? Wewe ungeliandika la nani? Ila ujibu upesi. Saa kumi inakaribia.