Mtoto wa Mlima Kandamoyo na Petroli Yenye Dawa

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, petroli imekwisha fika na watu wamekwisha anza kuigombania. Kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia atoke sasa hivi, maana mwisho nitauliza, na safari hii simsamehe mtu.

Palikuwa na mji chini ya mlima Kandamoyo, na hospitali yao iko juu ya mlima. Nani aliijenga juu? Msiniulize mimi. Mji huo ulikuwa na sheli mbili. Moja ya Mwanaheri, ina taa, ina bendera, ina jina linalojulikana mpaka ng'ambo. Mwanaheri akisema, "Petroli yangu ina dawa. Inaosha injini huku unaendesha." Ya pili ya Siwatu, ukuta mweupe, haina jina hata la kuchora kwa mkaa. Siwatu akisema, "Petroli ni petroli. Ghala moja, bomba moja, lori moja. Huyo anawauzia bendera."

Na kweli lori lilikuwa moja. Dereva wake Saumu, mwanamke wa shoka, alipakia mafuta ya wote wawili huko bandarini. Tangi lilikuwa na vyumba viwili: chumba cha kwanza ni cha Mwanaheri, Saumu anakitia dawa, chumba cha Siwatu hakitiwi kitu.

Sasa Mbwana na mkewe Zaina. Mbwana alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea viazi. Mwaka mmoja Zaina akashikwa na uchungu, wakaupanda mlima, gari likakohoa, likakohoa, likazima katikati. Mtoto akazaliwa barabarani, hakulia hata mara moja. Akazikwa hana jina. Fundi alipoifungua injini akakuta uchafu mtupu, na petroli ilikuwa ya Siwatu.

Zaina akapata mimba tena. Akamwambia mumewe, "Kuanzia leo unatia ya Mwanaheri. Ile ya dawa. Sitaki kusikia nyingine."

"Nimesikia," akasema Mbwana.

Kusikia alisikia! Lakini ile ya Mwanaheri ilikuwa ghali, na Mbwana ana mkono wa birika. Msimu mzima akawa anapenya kwa Siwatu, akirudi nyumbani anasema, "Nimetia ile ya dawa, mke wangu."

Siku ikafika. Mvua inanyesha, barabara inateleza, Zaina ameshika mlango wa gari, hakai akatulia, anauliza lile lile. "Umetia ya nani?"

"Ya Mwanaheri."

"Kweli?"

"Kweli, bibi, tulia!"

Gari likakohoa. Zaina akapiga ukelele. Likakohoa tena, pale pale lilipozima mwaka ule. Mbwana roho ikamruka, akaweka nadhiri kwa sauti: "Ee Mola, likifika juu, mtoto ataitwa jina la yule aliyetupatia petroli hii!" Likakohoa, likapanda. Likakohoa, likapanda. Wakafika. Akazaliwa binti, akalia mpaka manesi wakacheka.

Siku ya saba mbuzi kachinjwa, wembe wa kumnyoa mtoto uko kwenye sahani. Mwanaheri amekaa mbele, kanga mpya, marashi mpaka uani, kwani Zaina mwenyewe alimwalika awe somo wa mtoto, ampe jina lake. Mbwana anaingia, anatoka, anaingia, jasho linamtiririka. Na mtoto analia. Watu wa huko husema mtoto hulia hivyo akiletewa jina lisilo lake.

Siwatu, habari za nadhiri zimemfikia, akasimama mlangoni. "Mbwana, sema mbele ya watu. Lilipanda kwa petroli ya nani?"

Mbwana akasema, "Yako."

Weee! Zaina akamgeukia mumewe. "Ulinipandisha kwa petroli iliyoniulia mtoto?"

"Iliyokufikisha, mwanangu," Siwatu akasema. "Mwaka ule mlikuwa na magunia ya viazi nyuma, mngekwama hata mngetia asali. Safari hii gari lilikuwa tupu, likapanda. Nadhiri ni nadhiri. Mtoto ni somo yangu."

"Thubutu!" Mwanaheri akaruka. Lakini kabla hajaendelea, Saumu akapita katikati ya watu, bado ananuka mafuta.

"Jamani, niwieni radhi," akasema. "Lori jipya nililopewa mwanzo wa msimu, vyumba vyake vinahesabiwa kutoka nyuma. Mimi nikitia dawa nilihesabu kutoka mbele, kama lile la zamani, nikishusha nafuata namba zilizoandikwa kwenye bomba. Jana ghalani ndiyo nikaambiwa. Msimu mzima, dawa ya Mwanaheri nimeimwaga kwa Siwatu."

Wateja wa Mwanaheri wakatazamana. Zaina akakaa chini. "Kwa hiyo mume wangu angenitii..."

"Ungepanda bila dawa," Saumu akasema.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mwanaheri akasema, "Dawa nimeilipia mimi! Injini imeoshwa kwa changu. Lililolizimisha gari mwaka ule ni uchafu, na uchafu nimeuondoa mimi, nijue nisijue. Mtoto ni somo yangu."

Siwatu akasema, "Nani aliiona hiyo dawa ikipanda mlima? Pampu ni yangu, mkono ulioshika pampu ni wangu. Nadhiri ilisema petroli, haikusema dawa. Mtoto ni somo yangu."

Saumu akajifuta mikono kwenye kanga. "Nilikuja kuomba radhi tu. Lakini mnavyosema, mbona naona haya yote yamepita mikononi mwangu? Petroli niliileta mimi. Na nisingekosea, dawa isingelifikia gari lile milele. Mtoto ni somo yangu."

Mbwana akafungua mdomo. Zaina akamtazama. Mbwana akatoka tena uani.

Jua linazama, na siku ya saba haimngoji mtu. Zaina akamnyanyua bintiye, akamnong'oneza, "Mwanaheri." Mtoto akalia. "Siwatu." Akalia. "Saumu." Akalia.

"Wa kwanza nilimzika hana jina," Zaina akasema, machozi yanamtoka. "Huyu hatalala usiku wa leo hana jina. Nipeni lililo haki yake, nami nitaliita maisha yangu yote."

Haya. Mbona mnakwepa macho? Msinitajie Mbwana, huyo ana siku yake. Wembe uko kwenye sahani, mtoto analia, na mama amewageukieni ninyi. Yupo aliyeilipia dawa bila kujua imekwenda wapi. Yupo aliyeitia kwenye gari huku akiicheka. Yupo aliyekosea hesabu, dawa ikafika. Semeni, tena semeni upesi: je, nani alistahili jina lake liitwe masikioni mwa mtoto yule?