Pimbi na Amri ya Nyuma Geuka

"Shemeji, ndugu gani hao, mmoja hapiti mlangoni na mwingine anapita chini ya mlango?"

Ndivyo alivyoniambia babu yenu Mlewa jana, niliposema Pimbi na Tembo ni ndugu, mbele ya wageni wa posa, na watu wakacheka. Nikanyamaza kwa ajili ya wageni. Leo wameondoka. Kaeni vizuri, miguu ndani ya mkeka. Pimbi na Tembo ni ndugu, na ugomvi wao naujua mwanzo mpaka mwisho.

Zamani, zamani ile ya wanyama kupika na kufagia nyua zao, kulikuwa na kilima cha mawe, na chini ya kilima kisima. Kisima kimoja tu, na mvua zilikuwa zimegoma mwaka wa pili. Fisi alikuwa anakimezea mate kisima kile. Basi wanyama wa kilimani wakaunda jeshi la kukilinda, na mkuu wa jeshi akawa Tembo.

Kila asubuhi gwaride. Kifaru yumo, Nyati yumo, vumbi linapanda, na Tembo anaunguruma: "Jeshi, mguu sawa! Nyuma geuka!" Wanageuka wote, puu, mpaka vyungu vinatikisika jikoni.

Pimbi naye alikuwa askari. Mdogo, hana mkia, hana pembe. Gwaride alikuwa hapigi. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya jiwe kutwa nzima, na akiona mtu asiyemjua anakuja, anapiga kelele. Mama yake Pimbi na Tembo walinyonya ziwa moja, kwa hiyo Tembo ni mjomba wake kabisa. Lakini Tembo alikuwa ameshapata cheo, na mbele za watu alimwita "yule wa jiweni."

Siku moja Tembo akatangaza kwamba askari wote watapimwa kazi. Anayefaulu anabaki na mkanda wake. Anayeshindwa anavua mkanda, na anahama kilimani yeye na watoto wake, akakae huko mbugani.

Pimbi aliposikia mbugani, akatazama juu angani. Mbugani hakuna mwamba wa kujificha, na Tai anazunguka huko tangu jua linapochomoza. Naye Pimbi ana watoto wawili, hata meno hayajakaza. Mwingine akihama anabeba vyombo tu. Pimbi akihama anazika.

Mtihani wenyewe waliutunga wakubwa. Tembo akasema askari ang'oe mti. Kifaru akasema abomoe kichuguu kwa kichwa. Nyati akasema asimame njiani asukumwe asianguke. Na kila mmoja akafaulu kwa kile alichokitunga, wakapongezana.

Ikaja zamu ya Pimbi. Mti akaushika, akaning'inia kama shati limeanikwa. Kwenye kichuguu akatoka na udongo puani. Njiani pale Nyati hakumsukuma hata, alipumua tu, fuuu, Pimbi akabingirika mpaka kwenye miba.

Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Tembo akanyoosha mkonga achukue mkanda.

Pimbi akaushika mkanda wake kwa mikono miwili. Akauliza taratibu, "Mjomba, sisi ni askari wa nini?"

"Niite Jemadari."

"Jemadari, sisi ni askari wa miti au wa kisima?"

Nyati akasema mtihani umekwisha, avue aende. Lakini akina mama waliokuja kuchota maji walikuwa wamelisikia lile swali, wakaanza kunong'onezana. Ikabidi Tembo amuulize anataka nini.

Pimbi akasema anataka wote wapimwe kwa kazi yenyewe, kulinda kisima. Kata ya kuchotea maji iwekwe ukingoni mwa kisima. Kifaru ailinde, Nyati ailinde, na Jemadari mwenyewe ailinde. Kivuli cha mwamba kikifika kisimani hajaichukua, ataondoka leo hii na watoto mgongoni, wala hataomba maji ya njiani.

Tembo akacheka, akakubali. Wakajipanga mstari mmoja mbele ya kisima, macho kwenye kata. Tembo akaapa hatapepesa.

Pimbi akaingia kwenye ufa wa mwamba, pale pale nyuma ya kisima. Sasa ule ufa ndani una shimo kama mtungi. Sauti ikiingia ndogo, inatoka kubwa. Na miaka yote ile juu ya jiwe Pimbi alikuwa anasikiliza gwaride. Amri zote alizijua, hata kile kikohozi cha mjomba wake kabla ya amri alikijua.

Akangoja. Kivuli kinatambaa. Nzi wanamsumbua Kifaru masikioni. Watoto wa Pimbi wanachungulia kule juu. Kivuli kilipobaki hatua moja, Pimbi akakohoa, "Khm." Halafu: "Jeshi! Nyuma... geuka!"

Kifaru macho yake mabovu tangu kuzaliwa, anafuata masikio, akageuka. Nyati akageuka kwa sababu Kifaru amegeuka. Na Tembo? Tembo alisikia sauti yake mwenyewe, akadhani kumbe ameshatoa amri, naye akageuka. Puu.

Pimbi akashuka, akachukua kata. Akangoja wageuke tena. Hawakugeuka, maana nani amewaambia? Basi akachota maji, akanywa, akawaita watoto akawaosha nyuso, na masikio pia. Wale wakubwa wamesimama tu, matako kwenye kisima. Akina mama wameuma khanga wasicheke.

"Mjomba," Pimbi akasema, "mguu pande."

Walipogeuka wakamwona na kata yake. Nyati akafoka kwamba ule ni udanganyifu, kuiga sauti ya mkubwa ni kosa la jeshi, afungwe. Kifaru akaunga mkono, ingawa bado alikuwa anatazama upande mwingine.

"Kosa nimekubali," Pimbi akasema. "Lakini Fisi analala kichaka kile pale. Gwaride letu analisikia kila asubuhi kama mimi. Yeye akija kuiga, mtamfunga kabla ya kisima kukauka au baada?"

Tembo akakitazama kichaka. Akaitazama kata, bado inadondosha maji kwenye vile vikono vya Pimbi. Masikio yake yakalegea. Alikuwa na uwezo wa kumfukuza hata hivyo, na Pimbi alilijua hilo, akawavuta watoto karibu.

Tembo akapiga magoti, taratibu, mpaka jicho lake likalingana na la Pimbi. "Mpwa wangu," akasema, mbele ya watu wote, "sasa tufanye nini?"

Pimbi akamwambia ni jambo dogo. Ukisikia amri, uliza kwanza nani anasema, wala usiinue mguu mpaka umwone. Kesho yake wakapimwa upya, na msimamizi alikuwa Pimbi. Kifaru alishindwa mara mbili, ya tatu akafaulu. Hakuna aliyepelekwa mbugani.

Mwezi haukuisha, Fisi akaja. Akajibanza nyuma ya mwamba, akakohoa, akaita: "Jeshi! Nyuma geuka!"

Jeshi zima likajibu kwa pamoja: "Nani anasema?"

Fisi hilo hakujiandaa nalo. Akajibu, "Mimi Fisi."

Walimkimbiza siku ile mpaka leo anatembea kiuno chini.

Ukitaka kumjua askari, mpime kwa kazi yake, usimpime kwa mwili wake.

Haya, inukeni. Piteni kwa babu yenu Mlewa, mwambieni ndugu asipopita mlangoni huinama, na Tembo aliinama. Mwambieni hivyo hivyo, msipunguze neno. Akiuliza nani anasema, mtajeni bibi yenu.